Kutoka Daftari hadi EBM: Historia ya Fagitire Tunayoipokea Dukani

Mpenzi msomaji, itwae fagitire yoyote ya EBM iliyo karibu nawe, hata ile iliyokunjwa mfukoni tangu juzi. Usiangalie jumla peke yake. Juu kabisa utaona jina la muuzaji na namba yake ya mlipakodi yenye tarakimu 9. Ukishuka chini utaona kwamba bidhaa zimepangwa kwa herufi. Herufi A ni bidhaa iliyosamehewa kodi ya ongezeko la thamani, ile ambayo sisi wa Rwanda tumezoea kuiita TVA. B ni bidhaa inayotozwa asilimia 18, C ni ile inayouzwa nje ya nchi, na D ni ya muuzaji asiyesajiliwa katika TVA. Mwishoni kuna mfuatano wa herufi na tarakimu usiosomeka kama neno la lugha yoyote. Huo ndio saini ya kifaa, na kwa saini hiyo serikali huitambua fagitire ya kweli na kuitenga na ya kughushi.

Tusimame kidogo kwenye msamiati, kwa kuwa wengi wenu mnajifunza Kiswahili na soko la Kamembe huwachanganya. Katika Kiswahili sanifu, ankara ni hati inayoonyesha bidhaa na kiasi kinachodaiwa. Stakabadhi ni hati ya kukiri kwamba fedha zimepokelewa. Nalo neno risiti hutumika katika mazungumzo ya kila siku badala ya stakabadhi. Neno fagitire limetoka katika Kifaransa, likapitia Kinyarwanda, likatua midomoni mwetu. Mwenye duka wa Kamembe akimwambia mteja kutoka Bukavu “chukua fagitire”, wote wawili wanaelewana, na sitawasahihisha. Katika makala haya nitatumia ankara na fagitire kwa pamoja.

Sasa historia yenyewe. Mamlaka ya Mapato ya Rwanda, RRA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Mwaka 2001 nchi ikaanzisha TVA mahali pa kodi ya mauzo iliyotangulia. Kiwango kilikuwa asilimia 15, na mwaka 2002 kikapandishwa kuwa asilimia 18. Wakati huo huku kwetu bado palikuwa Mkoa wa Cyangugu. Jina la Wilaya ya Rusizi lilikuja na mageuzi ya utawala ya mwaka 2006.

Ni lazima uelewe jinsi TVA inavyofanya kazi, la sivyo hutaona kwa nini kipande cha karatasi kimesumbua watu namna hii. Kodi hii hutozwa hatua kwa hatua. Muuzaji wa jumla humtoza mwenye duka, mwenye duka humtoza mteja, kisha kila mmoja hupeleka serikalini tofauti kati ya kodi aliyopokea na kodi aliyolipa. Chukua bidhaa ya faranga 11,800: ndani yake mna faranga 10,000 za bidhaa na faranga 1,800 za kodi. Ikiwa mwenye duka aliinunua kwa faranga 9,440, basi alikwisha kulipa kodi ya 1,440, na anachodaiwa ni faranga 360 tu. Lakini atathibitishaje kwamba alilipa zile 1,440? Kwa ankara. Asiyekuwa na ankara hulipa zote 1,800. Na mwenye ankara ya uongo hurudishiwa fedha ambazo hakuzilipa kamwe, fedha zilizokusudiwa barabara, zahanati na shule unayosomea.

Katika miaka ya daftari, udhaifu wa mpango huu ulikuwa wazi. Ankara iliandikwa kwa mkono, kwa kalamu na karatasi ya kaboni. Aliyetaka kudanganya angeweza kuweka madaftari mawili, moja la kweli la kwake na jingine la mkaguzi. Angeweza pia kuuza bila kuandika chochote, na nani angejua? Hata hivyo daftari lilikuwa na sifa moja ambayo leo tumeisahau: lilikuwa jepesi kubadilika. Kiwango kilipopanda kutoka 15 hadi 18, mwenye duka alihitaji tu kuandika namba nyingine.

Mwaka 2012 ilitungwa Sheria Namba 37/2012 kuhusu TVA, na mwaka uliofuata, 2013, zikaingia mashine za kielektroniki za kutolea ankara, ndizo EBM. Toleo la kwanza lilikuwa la sehemu mbili. Moja ilikuwa mashine ya kuandikia mauzo, yaani ile inayofanana na kikokotoo kikubwa chenye printa. Ya pili ilikuwa kifaa cha kudhibiti takwimu za mauzo, chenye laini ya simu ndani yake. Kila ankara ilipochapishwa, kifaa hicho kiliitia saini, kikaihifadhi, na kuzituma habari zake kwenye seva za RRA kupitia mtandao wa simu. Waliotakiwa kuanza walikuwa wafanyabiashara waliosajiliwa katika TVA, ambao kisheria ni wale wenye mauzo yanayozidi faranga milioni 20 kwa mwaka.

Malalamiko yalikuja mara moja, na sioni sababu ya kuyaficha. Mashine ilinunuliwa kwa fedha za mfanyabiashara mwenyewe. Ilipoharibika alimtegemea fundi. Umeme ulipokatika, foleni ilisimama. Karatasi yake ilikuwa ile ya kuchapishwa kwa joto, ambayo ukiiacha juani au karibu na jiko maandishi hufifia, nawe umebaki na utepe mweupe. Juu ya yote, mfanyabiashara hakuona faida yake binafsi. Aliona faini.

Wala hili halikuwa jambo la Rwanda pekee. Kenya ilikuwa imeanza mashine za namna hiyo mwaka 2005, na Tanzania ikafuata mwaka 2010. Mwaka 2013 wafanyabiashara wa Kariakoo, soko kuu la Dar es Salaam, walifunga maduka yao kupinga mashine hizo. Watu wengi huisoma migomo hiyo kama ushahidi kwamba wafanyabiashara wetu huogopa teknolojia. Mimi sikubaliani na usomaji huo. Wafanyabiashara walewale walikuwa wameipokea simu ya mkononi bila kuamrishwa na mtu, na pesa za simu wakazipokea vivyo hivyo. Walichokikataa ni gharama wasiyoshirikishwa kuipanga, kwa kifaa kilichomtumikia mwingine. Mabadiliko yanayomjia mtu kama adhabu atayakwepa hata kama yana manufaa.

Hapo ndipo toleo la pili la EBM linapokuwa na maana katika historia yetu. Kuanzia takriban mwaka 2017 na 2018, RRA iliachana hatua kwa hatua na mashine, ikaleta programu ya kompyuta, tena bila malipo. Mwenye duka aliyekuwa na kompyuta na intaneti hakuhitaji tena kununua mashine maalumu. Programu iliandika ankara, na matoleo yaliyofuata yakaongeza kazi ya kufuatilia bidhaa zilizomo ghalani: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Ghafla chombo cha mkusanya kodi kikawa na jambo la kumwambia mwenye duka kuhusu duka lake mwenyewe. Kampuni kubwa zenye programu zao za hesabu zikapewa njia ya kuziunganisha moja kwa moja na seva za RRA. Maduka madogo yakapata toleo la kwenye tovuti na la simu. Nadhani kutoa programu bure kulileta watu wengi kuliko tishio lolote la faini.

Lakini programu si mashine, mpenzi msomaji, na tofauti yake ndiyo kiini cha makala haya. Nikupe mfano wa hapa nyumbani. Kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kule Bugarama, kilianza uzalishaji mwaka 1984 kwa njia ya majimaji, ambapo malighafi husagwa pamoja na maji kabla ya kuingia tanuruni, na nishati nyingi hutumika kwa ajili ya kuyakausha maji hayo. Mwaka 2015 kilizindua mitambo mipya ya njia kavu, yenye uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka. Kati ya tanuru la kwanza na la pili ilipita miaka 31. Kiwanda hubadilika mara moja katika kizazi, tena kwa sherehe na hotuba. Programu hubadilika kila mwezi, wakati mwingine kila wiki, bila hotuba yoyote, na asiyeibadilisha huachwa nyuma bila kujua kwamba ameachwa.

Kitenzi chetu kwa jambo hilo ni kusasisha. Kimejengwa juu ya neno sasa kwa kiambishi cha kusababisha -isha, kama sahihi inavyozaa sahihisha. Kusasisha ni kukifanya kitu kiwe cha sasa. Kutoka hapo tunapata sasisho, masasisho, kusasishwa, na programu isiyosasishwa. Angalia kwamba kitenzi hakisemi kukifanya kitu kiwe kizuri. Programu inaweza kuwa nzuri leo na ikawa hatari mwaka kesho, ingawa hakuna hata herufi moja ndani yake iliyobadilika. Kilichobadilika ni dunia iliyoizunguka: sheria, vifaa vingine, na werevu wa wezi.

Kompyuta nyingi za maduka madogo zilinunuliwa zikiwa zimetumika, na zilikuja na mfumo wa Windows 7. Kampuni ya Microsoft iliacha kuuhudumia mfumo huo tarehe 14 Januari 2020, kama ilivyoacha kuuhudumia Windows XP mwaka 2014 na Windows 10 mwezi Oktoba 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo. Iliendelea kuwaka, ikiandika ankara kama jana, ila mlango uliogunduliwa na wezi baada ya tarehe hiyo haukuwa na wa kuuziba. Mwenye duka haoni mlango huo. Anaona kompyuta inayofanya kazi, na anauliza, kwa haki kabisa, kwa nini atumie fedha kubadilisha kitu ambacho hakijaharibika.

Jibu lilitolewa mwaka 2017, mbali na hapa, na kwa gharama kubwa. Mwezi Machi mwaka huo Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja katika Windows. Wengi walilipuuza. Tarehe 12 Mei virusi vilivyoitwa WannaCry vilipita katika tundu lilelile, vikafunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Kisha tarehe 27 Juni yakaja makubwa zaidi. Huko Ukraine kulikuwa na programu ya hesabu na kodi iliyoitwa M.E.Doc, iliyotumiwa na sehemu kubwa ya biashara za nchi hiyo kupeleka taarifa zao kwa mamlaka ya kodi, kwa namna isiyo mbali sana na jinsi sisi tunavyoitumia EBM. Wahalifu waliingia katika seva za watengenezaji wake na kutia sumu ndani ya sasisho lenyewe. Mfanyabiashara aliyefanya kila alichofundishwa, aliyesasisha programu yake kwa wakati, alimkaribisha mwizi kwa mikono yake. Baada ya hapo virusi, vilivyopewa jina la NotPetya, vilienea kutoka kompyuta hadi kompyuta, na mojawapo ya njia zao ilikuwa tundu lile la mwezi Machi ambalo wengine hawakuwa wameliziba hadi siku hiyo. Marekani na Uingereza baadaye ziliilaumu Urusi kwa shambulio hilo.

Miongoni mwa walioumia ilikuwa kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark, ambayo kontena zake hushushwa Mombasa na Dar es Salaam, bandari zinazopokea sehemu kubwa ya shehena inayotufikia huku milimani. Ililazimika kuweka upya programu katika kompyuta 45,000 na seva 4,000 kwa muda wa siku kumi, na hasara yake ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na milioni 300. Seva zake zilizohifadhi orodha ya watumiaji wote, ambazo bila hizo mtandao wa kampuni usingeweza kujengwa tena, zilikuwa zimefutwa duniani kote. Isipokuwa moja. Seva hiyo ilikuwa Ghana, nayo ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio na kuitenga na mtandao. Kulingana na simulizi iliyochapishwa baadaye, wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, hivyo mmoja wao alisafiri hadi Nigeria kukabidhi diski uwanjani kwa mwenzake aliyeruka nayo hadi London. Sisi tunaolalamikia umeme kila siku tuna haki ya kutabasamu kidogo hapo.

Nimeisimulia habari hiyo kwa urefu kwa makusudi. Ushauri wa “sasisha programu yako” hutolewa kama amri nyepesi, ilhali una pande mbili. Asiyesasisha huacha mlango wazi. Anayesasisha humwamini mtu asiyemwona. Kwa hiyo swali la kiraia ni hili: sasisho limetoka wapi, nani analiwajibikia, na nakala ya kumbukumbu imehifadhiwa wapi ikiwa mambo yataharibika? Programu ya kodi huipata kwa mamlaka ya kodi yenyewe, si kwa kijana anayepita na kifaa cha USB, wala kwa kiungo kilichotumwa WhatsApp. Na nywila ya EBM ya mama yako haipaswi kuandikwa ukutani nyuma ya kaunta, hata kama kila mtu wa familia huihitaji.

Ndiyo, ninasema mama yako, kwa sababu ninajua ni nani hufanya kazi hii katika nyumba nyingi. Sheria ya mwaka 2019 kuhusu taratibu za kodi iliupanua wajibu wa EBM ukawafikia hata wafanyabiashara wasiosajiliwa katika TVA. Maana yake ni kwamba wajibu ulishuka kutoka kwenye kampuni zenye wahasibu hadi kwenye duka la sukari na chumvi. Duka hilo halina idara ya teknolojia. Lina mtoto wa sekondari. Wewe unayesoma makala haya kwa ajili ya kujifunza lugha huenda jioni ndiwe unayesoma ujumbe unaotokea kwenye kioo na kuamua, peke yako, kubonyeza “ndiyo” au “hapana”. Maneno yaliyomo kwenye ankara mengi ni ya Kiingereza. Mwenye duka husema Kinyarwanda. Mteja wake kutoka ng’ambo ya mto Rusizi husema Kiswahili na pengine Mashi. Anayevuka lugha hizo zote ili biashara iende ni wewe. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na kazi ya urasmi huo ninaiona zaidi kwenye kaunta ya duka kuliko kwenye mabango.

Mwaka 2020 ulitufundisha jambo jingine kuhusu jinsi watu wanavyobadilika. Mwezi Machi mipaka ilifungwa kwa sababu ya Covid-19, na Juni wilaya yetu ya Rusizi ikawekewa karantini yake wakati sehemu nyingine za nchi zilikuwa zimeanza kufunguka. Mwezi huohuo wa Machi, Benki Kuu ya Rwanda ilitangaza kwamba ada za kutuma pesa kwa simu zimeondolewa kwa muda, pamoja na ada walizokatwa wafanyabiashara waliolipwa kwa simu. Huduma ya pesa za simu ilikuwapo nchini tangu 2010. Kwa miaka kumi watu walikuwa wamehimizwa kuitumia madukani, na wengi walisitasita kwa sababu kila malipo yalikatwa kitu. Gharama ilipoondolewa, na noti ikawa kitu cha kuogopwa, malipo ya simu yaliongezeka kwa kasi isiyowahi kuonekana.

Mwezi Machi 2024 serikali ilitumia hekima hiyohiyo upande wa mteja, kwa mpango uitwao Tengamara na TVA. Mteja wa mwisho anayedai fagitire ya EBM iliyosajiliwa kwa namba yake ya simu hurudishiwa asilimia 10 ya TVA iliyomo. Rudi kwenye bidhaa yetu ya faranga 11,800: kodi ni 1,800, na mteja hurudishiwa 180. Ni kiasi kidogo, lakini kimemgeuza mnunuzi kuwa mkaguzi asiyelipwa mshahara. Sikatai kwamba kuna wenye maduka wanaoona uchungu kusimamiwa na wateja wao wenyewe.

Na sheria haikutulia. Mwaka 2025 simu za mkononi, ambazo zilikuwa zimesamehewa TVA tangu 2010, ziliingizwa tena katika kodi hiyo. Fikiria duka la simu hapa Kamembe siku ambayo badiliko hilo lilianza kutumika. Katika orodha yake ya bidhaa, simu zilikuwa chini ya herufi A na sasa zinatakiwa kuwa chini ya B. Aliyesahau kuibadilisha herufi hiyo moja, akauza simu kwa faranga 100,000 kama zamani, atahesabiwa kwamba ndani ya bei hiyo mna kodi ya faranga 15,254, nazo zitatoka katika faida yake, kwa kuwa mteja amekwisha kuondoka. Na simu yenyewe aliyoiuza ndiyo ambayo jirani yake, mwenye kibanda cha mboga na sabuni, amekuwa akiweka akiba ainunue ili aweze kutumia EBM ya kwenye simu.